Majigambo ya Mzee Kahigi

Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mtu waliyemzika Jumamosi.

Hapo ndipo tulipomwacha Kyarimpa wiki iliyopita, ndugu msomaji. Amekaa katika chumba cha mikutano cha hoteli moja pale Kayanga, kitambaa cha msiba kichwani, miguu bado na vumbi jekundu la kijijini kwao Kiruruma. Mbele yake yuko Mama Immaculata, mwenyekiti wa bodi ya Shirika la Treni za Abiria la Nyanda. Wajumbe wa bodi walikuja Karagwe kumpa pole mkurugenzi wao mtendaji kwa kufiwa na baba. Wakamwomba ashuke mjini kidogo, kuna jambo la ofisi. Kyarimpa akadhani ni barua ya kuthibitishwa kazini. Mwaka wake wa majaribio ulikuwa umekwisha, na treni zilizokuwa zikifika kesho yake sasa zilifika kwa saa yake.

Barua ilikuwepo, haijasainiwa. Juu yake mwenyekiti akaweka simu, akabonyeza. Marehemu Mzee Kahigi akaanza kusema.

Hakuwa anasema. Alikuwa anaghani.

Kwa wafugaji wa Karagwe mtu haelezi tendo kubwa kama anayetoa taarifa kituo cha polisi. Hushika fimbo, husimama mbele ya watu, akalitaja kwa majigambo. Kwa Kinyambo ni ebyebugo. Mzee Kahigi alighani akiwa kitandani, pumzi zikimkatikia, lakini maneno yalitoka yamenyooka:

"Mimi Asiyekimbia, baba wa Asiyepita-Maiti.
Chuma kilikuja kikinguruma kutoka magharibi,
nyani wakapanda miti, wakubwa wakashika kofia zao.
Binti yangu aliinua mkono, hakuinua fimbo.
Chuma kikapiga magoti Mahanga, kama fahali kisimani.
Jeneza la mtoto likapanda kwanza, wenye uhai wakafuata.
Aliyezaa kama mimi na asimame tumwone."

Mama Immaculata akabonyeza tena.

Kyarimpa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Siku zote za msiba alilia kama watu wanavyolia. Sasa machozi yalikataa.

"Pole, mwanangu," alisema Mama Immaculata. Alikuwa mwanamke wa pwani, mtu mzima, mtaratibu. "Nisingependa uisikie hivi. Nilitumiwa na namba nisiyoijua, siku ileile mliyozika."

"Siku ya maziko?"

"Jioni yake. Kinyambo sikijui. Naibu wako ndiye aliyenitafsiria."

Kyarimpa akageuka. Kwenye kona ya meza alikaa Novatus, naibu wake, mzaliwa wa Kyerwa, wilaya jirani, aliyefika msibani na lori la ndizi na kulia kwa sauti kuliko wajukuu. Novatus alitazama viatu vyake.

"Bosi, ningefanyaje?" alisema kwa upole. "Niliulizwa, nikatafsiri. Lakini nimewaeleza pia kwamba majigambo ni majigambo. Babu yangu alighani kwamba aliua simba sita. Simba mwenyewe alimwona kwenye noti."

Mjumbe mmoja akacheka, kisha akakumbuka yuko na mfiwa, akakohoa.

"Ndilo ninalotaka kujua," alisema Mama Immaculata. "Kyarimpa, siku yako ya kwanza ofisini ulisema nini mbele ya wafanyakazi?"

"Nilisema treni ya abiria haimsubiri mtu, hata awe waziri."

"Na ukamfukuza mkuu wa kituo aliyeichelewesha kwa dakika kumi, kwa sababu mheshimiwa fulani alikuwa bado anakunywa chai."

"Nilimfukuza."

"Bodi ilikupigia makofi. Mimi mwenyewe nilipiga. Mwaka mzima watu wamekupima kwa neno lile, na umefaulu. Vyoo vina maji, walanguzi wa tiketi wamekimbia, abiria wanaweka saa zao kwa honi yetu. Barua hii nilikuja nayo nikiwa na furaha." Akaigusa. "Sasa niambie. Kituo cha Mahanga, treni ya jioni ilisimama karibu saa nzima. Taarifa inasema ni breki. Marehemu baba yako anasema ni wewe. Yupi mkweli?"

Kyarimpa akafungua mdomo. Novatus akamwahi.

"Mwenyekiti, dada yetu yuko kwenye matanga. Ni neno moja tu la kusema." Akamtazama Kyarimpa machoni, kama ndugu. "Sema ni majigambo, bosi. Wote tutaelewa."

"Naomba nitoke kidogo," alisema Kyarimpa.

Nje jua lilikuwa kali na bodaboda walikuwa wamejipanga langoni. Mmoja akamtambua.

"Mama Treni, pole na msiba. Hivi ya kwetu Karagwe utaileta lini?"

"Tangulia kujenga reli," mwenzake akamjibu, "mama atakuja kupiga honi."

Kyarimpa akawapungia mkono, akavuka uwanja hadi kwenye gari la familia. Mdogo wake wa kiume, Arinaitwe, alikuwa ameegemea boneti akitafuna punje za kahawa. Ndiye aliyemuuguza mzee miezi yote ya mwisho, akimlisha, akimgeuza. Mtaa mzima ulimsifu.

"Wamekupa barua, dada?"

"Wana sauti ya baba. Tata anaghani habari za Mahanga."

Arinaitwe aliacha kutafuna. "Sauti? Wameipata wapi?"

"Sijui. Nilimwambia yeye peke yake, Arinaitwe. Jioni ileile nilimpigia simu, nikamweleza, kwa sababu nilitaka nisikie mtu mmoja akisema nilifanya vizuri. Hakusema neno. Nilidhani amekasirika."

"Kumbe alikuwa anatunga," alisema Arinaitwe polepole.

"Kumbe."

Gari la mizigo la Murongo likapita na kelele zake.

"Wanataka niseme kweli au si kweli," alisema Kyarimpa. "Nikisema kweli, nimekwisha. Nikisema si kweli…"

"Sema si kweli." Arinaitwe alimshika mkono. "Dada, nisikilize. Tata yuko chini ya udongo, hasikii. Kiti kile kimekutoa jasho. Utakitupa kwa maneno ya mgonjwa?"

"Unajua mtu anayeghani tendo lisilokuwepo anaitwaje."

"Hayo yalikuwa zamani."

"Zamani? Shangazi Deodatha bado anamtaja jirani aliyejisifu kumrudisha ng'ombe aliyeibwa, ilhali hakumrudisha. Yule mtu alikufa kabla sijazaliwa, na wajukuu zake bado wanachekwa kwenye harusi. Unataka Tata achekwe hivyo, na nyasi tulizolalia matangani hazijaondolewa?"

"Nani atajua? Mtu wa pwani na wajumbe wawili." Arinaitwe akasogea karibu zaidi. "Nakuomba kama mdogo wako. Kana."

Kyarimpa akamtazama. Uso wa mdogo wake ulikuwa umejaa huruma. Akamshika bega, akarudi ndani.

Njiani, ngazi kwa ngazi, alikuwa ameshalipanga jibu. Ni majigambo, mwenyekiti. Wazee wetu hutia chumvi. Maneno machache tu, kisha barua, kisha arudi Kiruruma akamlilie baba yake kwa amani.

Aliketi. Akafungua mdomo.

"Baba yangu hakuwa mwongo," alisema.

Alishangaa mwenyewe kuisikia sauti yake.

Novatus akafumba macho. "Bosi…"

"Nyamaza, Novatus," alisema mwenyekiti. "Endelea, mwanangu."

"Nilikuwa ndani ya treni ile. Huwa napanda daraja la tatu bila kuaga, nione abiria wanavyohudumiwa. Mahanga tulisimama kupishana na treni ya mizigo, tukapishana, gadi akainua bendera. Nikamwona mtu anakuja juu ya reli anasukuma baiskeli. Amefunga jeneza dogo nyuma, kwa mpira. Mama wa mtoto anamfuata, viatu mkononi. Dirisha la tiketi limefungwa, na kibali cha kusafirisha maiti hawana, kiko kwa mganga mkuu, ng'ambo ya mto."

"Ukafanya nini?"

"Kwetu, jeneza likipita, anayepalilia huweka jembe chini na anayeendesha hushuka. Hakuna anayemwacha mfiwa njiani, awe ndugu au adui. Mimi nililelewa hivyo. Nilinyanyuka, nikamwambia gadi ashushe bendera. Tukasubiri kibali."

"Na kuhusu breki?"

"Gadi aliniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike breki."

Mjumbe aliyecheka mwanzoni sasa hakucheka.

"Kwa nini hukuandika ukweli?" aliuliza Mama Immaculata. "Huenda tungeelewa."

"Kwa sababu nilikuwa nimemfukuza mtu kwa dakika kumi. Ningeandika ukweli, ningelazimika kumrudisha. Nami nilipenda kupigiwa makofi." Alivuta pumzi. "Mkuu wa kituo yule arudishwe kazini, mwenyekiti. Hata kama mimi natoka, yeye aingie."

Mama Immaculata alinyanyuka, akaenda kwenye mlango wa pembeni, akaufungua. "Ingia, baba."

Aliyeingia alikuwa Desderius, gadi wa treni ile ya jioni, kofia mkononi, amevaa sare kana kwamba yuko kazini. Hakumtazama Kyarimpa.

"Shikamoo, mkurugenzi," alisema. "Pole na msiba. Nisamehe. Nililetwa."

"Marahaba, Desderius. Huna kosa."

"Alikuwa amekaa humo tangu asubuhi," alisema mwenyekiti. "Ungekana, ningemwita aseme alichokiona. Leo usingeondoka kama mkurugenzi aliyekosea. Ungeondoka kama mwongo aliyemkana baba yake matangani, na magazeti yangeandika hivyohivyo. Namshukuru Novatus. Ndiye aliyemtafuta huyu bwana na kumsafirisha mpaka hapa."

Kyarimpa alilisikia neno hilo likimwingia taratibu, kama maji baridi yanavyoingia kwenye kiatu.

Novatus. Novatus aliyemwambia akane ndiye aliyemficha shahidi nyuma ya mlango.

Alimtazama. Novatus alikuwa amevaa uso uleule wa huruma, lakini sikio moja lilikuwa limeiva wekundu.

"Ilikuwa lazima bodi ipate ukweli wote," alisema Novatus. "Si jambo la kibinafsi, bosi."

"Uliniambia nikane."

"Nilikushauri kama rafiki."

"Na shahidi ulimleta kama nani?"

Mama Immaculata aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na kitu fulani kikabadilika katika macho yake. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Akaichukua ile barua, akairudisha kwenye mkoba.

"Leo sisaini. Bodi nzima itakaa Ijumaa na nitawaeleza yote, uzuri wako na kosa lako. Sitaki kukudanganya: wapo watakaosema uende. Mpaka siku hiyo, ofisi itashikwa na naibu. Ndivyo kanuni inavyosema, si mimi."

"Nimeelewa, mama."

"Una lolote la kuomba?"

Kyarimpa alifikiri. Kiti kilikuwa kimeshamponyoka, au karibu. Kilichobaki mezani ni ile simu.

"Naomba nimsikie baba tena. Mpaka mwisho wake."

"Hakuna kitu mwishoni," Novatus aliwahi kusema. "Ni kikohozi cha mgonjwa tu. Utajiumiza bure."

"Nataka hicho kikohozi," alisema Kyarimpa. "Sitakisikia tena mahali popote."

Mwenyekiti akabonyeza.

Majigambo yakapita tena, nyani, wakubwa na kofia zao, fahali kisimani. Kisha likaja lile ambalo Novatus hakutaka lisikike. Mzee alikohoa kweli, kirefu, kikavu. Kitanda kikalia. Na kabla kikohozi hakijatulia, mtu wa pili akasema kwa Kinyambo, karibu kabisa na simu, kwa sauti ya kubembeleza:

"Tata, tulia unywe maziwa. Umeghani vizuri. Sasa rudia hapo pa treni. Taja na Mahanga, pasikike vizuri, na useme ni dada mwenyewe aliyeamuru."

Mzee akacheka kidogo, cheko la mtu aliyefurahi kuombwa. "Unapenda sana habari za dada yako."

"Nazipenda, Tata. Rudia."

Ikakatika.

"Wanasema nini?" aliuliza Mama Immaculata.

"Anabembelezwa anywe dawa," alisema Novatus haraka mno.

Kyarimpa hakumsahihisha. Alikuwa hawezi. Sauti ile aliijua tangu ilipokuwa ikilia usiku kuomba abebwe. Ndiye aliyemfundisha mwenye sauti hiyo kutembea, akimshika vidole viwili kwenye ua wa Kiruruma, baba yao akiwatazama kutoka zizini.

Baba hakuwa amemsaliti. Baba alidhani anamsifu binti yake mbele ya mwanawe.

"Asante, mama," alisema. Alisimama, akampa mkono mwenyekiti, akampa Desderius, akampita Novatus. Novatus alinyanyuka amfuate. Mama Immaculata akamwita: "Wewe kaa. Sijamaliza nawe."

Arinaitwe alikuwa ameshaingia kwenye gari. Alimfungulia mlango kutoka ndani.

"Wamesemaje?"

Kyarimpa akaketi, akafunga mlango taratibu. Alitazama mbele, kwenye migomba iliyopanda kilima nyuma ya hoteli.

"Nimekana," alisema.

Ndugu msomaji, uso wa mtu una mahali ambapo hauwezi kuamriwa. Mdomo wa Arinaitwe ulisema, "Afadhali, dada, Mungu ni mwema." Lakini mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni, na pembe moja ya mdomo ikapanda kabla hajaizuia.

"Umefanya la maana," aliongeza. "Tata angekuelewa."

"Unafikiri?"

"Nina hakika."

Simu yake, iliyokuwa juu ya dashibodi, ikaanza kutetemeka. Jina lililojitokeza lilikuwa Novatus. Arinaitwe akaitazama, akamtazama dada yake, akaipindua kifudifudi.

"Ni wa msibani. Wanauliza habari za maziwa."

"Nimeona jina, Arinaitwe."

Simu ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Pokea," alisema Kyarimpa. "Ametoroka kikaoni ili akuonye. Nimekudanganya. Sikukana. Nimewaambia yote, wakaniwekea mwisho wa ile sauti."

Arinaitwe akaizima simu. Aliposema, hakukuwa tena na huruma katika sauti yake, wala dada.

"Ulinijibu nikashindane na wengine. Nilikuja ofisini kwako kuomba kazi, na suti ya kuazima. Mtoto wa baba yako. Ukaniambia nafasi zimetangazwa, nikashindane."

"Nilimjibu kila mtu hivyo."

"Mimi si kila mtu. Kiruruma wananiuliza kila siku, dada yako ana treni, wewe una nini? Huyo mwenzako wa Kyerwa aliniita ndugu kabla hujakumbuka kuniita." Akamgeukia. "Na wewe ni nani wa kuzungumzia sheria? Watu uliowafukuza hawakuwa na majeneza ya kujificha nyuma yake."

Neno hilo lilimpata Kyarimpa mahali palepale alipokuwa na kidonda. Hakulikataa. Lilikuwa la kweli, na lilitoka kwa mtu asiyestahili kulisema.

"Hilo nimeshahukumiwa," alisema. "Ijumaa nitahukumiwa tena, na wakinitoa nitatoka. Lakini wewe hukuwaletea kosa langu. Uliwaletea baba. Ulimkalia kitandani na bilauri ya maziwa, ukamfanya mzee anayekufa anishitaki huku akidhani anabariki."

Arinaitwe aliwasha gari. Mkono wake ulikosa gia, ukatafuta, ukaipata.

"Twende wapi?"

"Nyumbani. Kesho tunaanua matanga. Wazee wa Kiruruma na Kyerwa watakaa uani, na wewe, mtoto wa kiume pekee, utapewa fimbo ya Tata ughani matendo yake." Kyarimpa akavuta mkanda wa kiti, akaufunga. "Hakuna atakayekuzuia, hata mimi. Ishike, usimame mbele yao. Na ukifika hapo pa treni, Arinaitwe, rudia, pasikike vizuri."